Neno Nililomuuliza Kaporali

Somo lilitolewa katika chumba ambamo siku nyingine tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuimba na kucheza kwa ajili ya chama tawala. Askari wa kompania nyingine alikuwa amejiua mwezi uliopita, na amri ikatoka juu: kila mukubwa wa askari afundishwe namna ya kumutambua muntu anayetaka kujiua, na namna ya kumuzuia. Komanda wetu alikuja, akatia sahihi ya kwanza kabisa kwenye karatasi ya waliohudhuria, akasema, "Somo hili ni la wakubwa, musikilize vizuri," kisha akapanda jeep yake akaenda zake. Kama yeye si mukubwa, mukubwa ni nani? Hasira yangu ilianza hapo, na miaka hii yote sijaimaliza.

Tulibaki sisi maserja na muganga wa kambi, muzee mwenye sauti ndogo. Alituambia mambo machache. Muntu akibadilika, akianza kugawa vitu vyake, akiongea kama musafiri, usimupite. Usimuache peke yake, ondoa bunduki karibu naye. Kisha tafuta kinachomuumiza, umufikishie mwenye uwezo wa kukiondoa. Hapo wote tulikubali. Lakini alipotuambia tumuulize muntu wazi, kwa neno lenyewe, "Unataka kujiua?", chumba kizima kikanuna.

Serja mumoja akasema, "Papa Muganga, wewe ni wa hapa hapa. Nikitaja kifo cha muntu, kesho akifa, ndugu zake watauliza nani alifungua mudomo. Nitaitwa mulozi mimi, niliyemuroga."

"Najua," muzee akajibu. "Uliza tu."

Tulitoka tukimucheka. Na mimi nilicheka, nisijifanye mutakatifu.

Katika watu kumi niliokuwa nawaongoza kulikuwa na kaporali mumoja, kijana wa Kabalo, mupiga ngoma ambaye kambi nzima ilimujua. Muke wake na mutoto wao wa miaka miwili walikuwa wamebaki kule kwa wakwe zake. Ujumbe ulifika kwa fonia, redio ya kambi, kwamba muke amekufa. Komanda akauweka ndani ya meza, na sisi tulikuja kujua baadaye. Inspeksyo ilikuwa inakaribia, wakubwa wangekuja kutuona tukicheza, na hakutaka mupiga ngoma wake aondoke. Siku kumi na mbili ule ujumbe ulilala pale, na kaporali alikuwa anapiga ngoma kila asubuhi, anacheka, hajui kwamba ni mujane.

Habari alizipata kwa mufanyakazi wa treni, pale stasyo, kati ya watu wanaoshusha magunia ya muhogo. Kilio kilikuwa kimekwisha. Kwao, mume asiyefika kwenye kilio cha muke wake anajihukumu mwenyewe: wakwe watasema alijua jambo kuhusu kile kifo, watashika mutoto, na hawatamufanyia desturi ya kumufungua kutoka kwenye ujane. Akaomba konje, ruhusa ya kwenda kwao, akajibiwa, "Baada ya inspeksyo." Akaomba tena, akafukuzwa biro, ofisini kwa Komanda.

Kisha akatulia. Akamupa huyu sufuria yake, yule blanketi. Viatu vya raia, ambavyo alikuwa anavipenda sana, akamupa jirani bila kuombwa. Niliona yote hayo. Siku tatu niliona na nikalizunguka lile neno, nikimuuliza tu, "Uko salama?" naye akijibu, "Niko salama, Shefu." Nilijua kabisa ni nini ninachotazama. Niliogopa jina la mulozi kuliko nilivyoogopa kumupoteza. Hiyo ni hasira nyingine, ya kujikasirikia mwenyewe, na ninaistahili.

Siku ya nne, muchana, tulikuwa kwenye robine, bomba la maji la kambi, watu wanafua nguo. Akanipa picha ya muke wake. "Utamuwekea mutoto," akasema.

Nikamuuliza. Kwa neno lenyewe. Waliokuwa wanafua walisikia. Wakabeba mabeseni yao na nguo zenye sabuni bado, wakaondoka mumoja mumoja. Kaporali aliketi chini kwenye saruji iliyolowa.

"Ndiyo, Shefu," akasema.

Nikakaa karibu naye. Alilia kwa muda murefu, nikamuacha alie. Bunduki yake niliagiza irudishwe magazini, ghala la silaha. Askari muzee mumoja, ambaye alisema ameshaitwa majina mabaya zaidi ya mulozi, akakubali kukaa naye, na Papa Muganga akaja pia. Mimi nikaenda biro.

Komanda alinisikiliza akiwa anasoma karatasi.

"Wewe ndiwe umemutia hayo mawazo," akasema. "Andika ana malaria. Apumzike siku mbili, arudi kwenye ngoma."

"Hana malaria, Komanda. Muke wake amekufa, na ujumbe ulikuwa kwenye meza hii."

"Unanifundisha kazi?"

"Somo lilikuwa la wakubwa, Komanda. Ulisema mwenyewe."

Alisimama, nikajua sasa ninaenda kasho, kufungwa. Papa Muganga ndiye aliyeingia wakati huo, na daftari lake la wagonjwa mukononi. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba anaandika saa ya sasa, na kwamba Komanda amekwisha kuarifiwa, na likitokea jambo, wakubwa wa inspeksyo watasoma. Muficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Komanda akaivuta karatasi ya konje akatia sahihi. Huruma haikuwepo hata kidogo. Aliogopa daftari. Muntu alikuwa anakufa mbele yake, na kilichomutisha ni wino.

Tulimupandisha kaporali kwenye treni ya Kabalo pamoja na yule askari muzee. Inspeksyo ikapita, ngoma ikapigwa vibaya na muntu mwingine, hakuna aliyejali. Komanda alisifiwa mbele yetu wote kwa jinsi somo lilivyofundishwa vizuri katika kompania yake. Karatasi ilikuwa na sahihi yake juu kabisa. Juma lililofuata alininyang'anya watu wangu kumi, nikapelekwa kuchunga magazini.

Baada ya mwezi na nusu kaporali alirudi. Wakwe walikuwa wamemusikiliza, wakamufungua, wakamupa mutoto wake. Nilimukimbilia, kwa kweli nilikimbia, na yeye akapita pembeni. Kambini walikuwa wamemujaza maneno: ile fikra ya kujiua haikuwa yake, iliingia siku ile serja alipoitamka. Aliamini. Alienda mwenyewe kwa Komanda kuomba nisikaribie mulango wake wala mutoto wake. Iliniuma, sitasema uongo. Ningependa anisalimie mara moja tu.

Asubuhi nilikuwa ninamuona kwenye robine, anamuosha mutoto masikio, mutoto anapiga kelele. Akiniona ananigeuzia mugongo. Anigeuzie. Maiti haigeuki.