Kuona Waiyaki Way Kupitia Chapati

Jumanne saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha chai hapa Uthiru, bwana mmoja wa makamo aliinua chapati yake kwa vidole viwili akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akamwambia mama mwenye kibanda: "Mathe, kupitia hii naona lori zikipita Waiyaki Way."

Tulicheka, huku nami nikiikagua yangu kisirisiri. Pale bei haijapanda kwa muda mrefu; ni unene ndio unaopungua. Kila mara serikali inapoongeza ushuru wa ngano ya nje ili imwinue mkulima wetu, unga hupanda bei, na mwenye kibanda husukuma donge dogo zaidi. Ushuru hutozwa bandarini, ukalipwa na tumbo langu.

Mama mwenye kibanda hakubishana. Alijifuta mikono kwenye aproni, akamwekea yule bwana chapati nyingine, nene, ya rangi ya machungwa.

"Hebu onja hii, baba. Unga ni nusu tu, hiyo ingine ni malenge. Nanunua kwa mamangu huko Kinoo, gunia kila wiki. Bei ni ileile."

Bwana aliuma, akatafuna. Kisha akaiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Sioni kitu," akasema. "Niongeze mbili."

Nami nikaagiza. Miaka yote hii nimeambiwa ushuru huo utamnufaisha mkulima. Huyo mama yake wa Kinoo ndiye wa kwanza niliyesikia amenufaika, na wala hapandi ngano.