Kikomo Nilichomficha Mume Wangu

Mimi ni fundi umeme wa magari, na mume wangu alinioa akilijua hilo. Kwa hiyo siku alipokuja gereji kwetu Kizota na boksi dogo jeusi, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi kama mtu aliyeniletea kitenge, nilijua papo hapo ananiomba nini. Ilikuwa kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi tunaiita kontrol boksi. Si ile inayotoka na gari kiwandani. Hii ni ya kununua pembeni, unaiunganisha na kompyuta mpakato na kuiamuru mwenyewe: mafuta kiasi hiki, moto wa plagi wakati huu, turbo isukume hewa ndani ya injini mpaka hapa. Gari lake dogo la Kijapani lilikuwa na turbo tayari. Yeye alitaka lifunguliwe nguvu zake zote.

"Fundi wangu," aliniambia akicheka, "nataka nikilikanyaga liitike."

Nilimwambia nitaangalia. Sikumwambia kwamba nimeogopa palepale.

Mimi si mwoga wa kila kitu. Nyoka nimeua, na mlevi aliyezoea kutukana wateja wetu nilimtimua na spana mkononi. Lakini magari yanayopinduka barabara kuu huishia kwenye gereji kama zetu, nasi wa umeme huitwa kuyavua nyaya na taa zilizobaki nzima. Unaingia ndani ya gari la mtu na mwenyewe hayupo. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimefungua droo ya gari la namna hiyo nikitafuta fyuzi, nikakuta maandazi kwenye mfuko. Yalikuwa bado laini. Nilitoka nikaketi juu ya tairi, wenzangu wakadhani nimepigwa shoti.

Na mume wangu, jamani! Ofisini kwao ni karani mpole, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Akishika usukani anakuwa mtu nisiyemjua. Kukiwa na gari mbele yake hapati amani mpaka liwe nyuma.

Kazi ilinichukua siku nne. Nilifuata waya mmoja mmoja kwa kipimo, nikaandika kwenye karatasi, nikachomea kwa risasi ya kulehemu, nikafunika. Injini ilipowaka mara ya kwanza ilikohoa kama mzee mwenye kifua. Nikarekebisha mafuta, ikatulia. Ndipo nikafika kwenye ukurasa wa kikomo.

Ukurasa huo unauliza swali moja: turbo ikisukuma hewa kupita kiasi gani, kompyuta ikate mafuta ili kuiokoa injini? Namba tuliyokubaliana na mume wangu ilikuwa mbele yangu, kwa mwandiko wake. Niliandika nyingine, ya chini sana. Ningeweza kuipunguza turbo yenyewe, gari likawa la upole tangu mwanzo, na hiyo ndiyo njia ya fundi mwaminifu. Lakini angegundua siku hiyohiyo. Nilitaka aonje utamu mjini, aridhike, na siku akitaka kukimbiza kupita kiasi gari limkatalie. Nikaufunga ukurasa kwa namba ya siri ninayoijua mimi tu. Usiku ule nililala vizuri, nikijiona nimemfunga mkanda wa pili.

Alilijaribu mjini, akarudi meno yote nje. "Safi sana! Ila nikikaza kabisa linashtuka kidogo."

"Linajifunza," nilimwambia. "Lipe muda."

Akaniamini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mbele kidogo ya Haneti.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa baridi yetu ile inayopasua midomo, nasi tunakwenda Kondoa kumsalimia mama mkwe. Watoto tuliwaacha kwa jirani, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Tulipoipita Haneti tulikuta lori limejaza magunia ya alizeti, linapanda kilima kwa kujikokota. Mume wangu aliwasha indiketa. Sasa, hewa ya baridi ni nzito, na mlimani injini ikibanwa turbo husukuma zaidi. Hayo nayajua, ndiyo kazi yangu. Sikuyafikiria hata kidogo nilipokuwa nachagua ile namba kwenye tambarare ya Kizota.

Alitoka upande wa kulia, akakanyaga. Tulikuwa tumefika katikati ya ubavu wa lori pale basi la abiria lilipochomoza juu ya kilima, linakuja kwetu. Na hapo hapo gari likakata.

Halikuzima. Lilisukuma, likakata, likasukuma, likakata, vichwa vyetu vikienda mbele na nyuma. Mume wangu akafanya ambacho dereva yeyote angefanya: alikanyaga mafuta hadi chini. Kadiri alivyokanyaga ndivyo kompyuta ilivyozidi kukata, kama nilivyoiagiza. Basi likaanza kuwasha na kuzima taa. Kwenye dirisha langu matairi ya lori yalikuwa yanazunguka, karibu niyaguse.

Dawa yake niliijua. Ndani ya gari lile niliijua peke yangu. Ainue mguu, akanyage nusu, turbo ishuke chini ya kikomo, injini irudi. Lakini kumwambia hivyo kulikuwa kukiri. Nimejiuliza mara nyingi nilinyamaza kwa muda gani. Pengine pumzi moja tu. Lakini nilinyamaza, basi linakuja, kwa kuogopa mume wangu asijue nilichofanya.

"Inua mguu!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Inua! Kanyaga nusu! Nusu tu!"

Akainua. Kwa kitambo kidogo gari lilielea bila nguvu, kisha likashika, likavuta, tukaingia mbele ya lori, na basi likapita na honi yake ndefu hadi vioo vikatetemeka. 

Aliegesha pembeni ya barabara, kilomita kadhaa mbele ya lori, akazima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Ulijuaje?" aliniuliza.

Nilimweleza yote: namba, ukurasa, namba ya siri, na ule uongo kwamba gari linajifunza. Alisikiliza bila kunitazama. Nilitamani anifokee.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwishowe, taratibu, nami nikaanza kulia.

"Nilikuwa naogopa utakufa."

"Si ungeniambia tu kwamba unaogopa?"

"Ungecheka."

Alifikiri. Ni mtu mkweli, hilo simnyimi.

"Ningecheka," alisema. "Na ningekimbiza vilevile."

 Nilichukua kompyuta mpakato, ambayo husafiri nami popote, kiti cha nyuma, nikaunganisha waya. Namba ya siri nilikosea mara mbili. Nikakirudisha kikomo pale injini inapokihitaji, nikaipunguza turbo yenyewe, na kila tarakimu niliyoibadilisha nilimsomea kwa sauti. Hakubisha hata moja.

Nilikuwa nachomoa waya wakati lile lori la alizeti lilipotupita likijikokota, dereva akatupigia honi ya salamu. Mume wangu akawasha gari, akaingia nyuma yake. Mbele kulikuwa kweupe, hakuna basi wala baiskeli. Tulilifuata hivyohivyo hadi Chemba, makapi ya alizeti yakitupiga kiooni, na hakuna kati yetu aliyesema tulipite.