Meza ya Mninga Iliyobonyezwa na Jiliwa

Enzi zetu pale Mtinko, msichana wa darasa la saba alijua kulima, kushona na kupiga randa, na bado alifika shuleni ametwanga uwele wa nyumbani. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimejenga zahanati kwa matofali tuliyobeba vichwani, na shule ikapewa kazi ya kutengeneza meza ya kuwalazia watoto wachanga. Wavulana walikuwa shamba la pamoja, kwa hiyo Mwalimu Mughenyi, aliyetufundisha useremala, akatukabidhi kazi hiyo sisi wasichana.

Mbao ilikuwa mninga, nyekundu, yenye harufu iliyoshinda ya uji wa shule. Tuliunganisha vipande kwa gundi, tukavibana kwa majiliwa ya chuma na kukaza kwa nguvu zetu zote. Kesho yake tulipofungua, kila chuma kilipokamata kilikuwa kimeacha shimo la duara. Wavulana wakaja kuchungulia.

"Meza imeugua ndui," wakasema.

Nilitaka kulia. Zahanati ilikuwa inafunguliwa wiki hiyohiyo, na mninga mwingine haukuwepo.

Mwalimu alipapasa yale mashimo. "Mbao imebonyea tu, haijakatika. Nani kwao kuna pasi?"

Ya mama ilikuwa ya mkaa, na aliipenda kama mtoto wa mwisho. "Ukiirudisha na gundi, utalala nayo nje," akaniambia, lakini akanipa.

Tuliweka kitambaa kibichi juu ya kila shimo, tukapitisha pasi ya moto. Mvuke ulipopanda, mbao iliumuka taratibu kama andazi, mpaka kiganja hakikuona tena palipokuwa na shimo.

Bado miguu ilihitaji kubanwa. Rafiki yangu Zaituni, ambaye baba yake alikata kamba za ngozi, akaleta mabaki ya ngozi ya ng'ombe. Safari hii kila chuma tulikitandikia ngozi na kipande cha mbao mbovu, tukakaza mpaka gundi ichungulie kidogo, basi. Tulipofungua, palikuwa safi. Wavulana walipapasa, halafu mmoja akauliza ngozi ilitoka wapi.

Siku ya ufunguzi akina mama walipanga foleni na watoto wao. Mama yangu alisimama karibu na meza kuliko muuguzi.

"Kaitengeneza binti yangu na wenzake," alimwambia kila aliyefika. "Pasi ni yangu."

Leo wajukuu zangu wananunua meza za unga wa mbao zinazong'aa kama kioo. Chai ikimwagika, zinavimba. Mguu ukilegea, wanaupiga picha kwa simu na kumtumia muuzaji, kana kwamba ni mgonjwa. Siwalaumu, wana mambo yao mengi wanayoyajua. Ila huwa natazama viganja vyao laini nikawaonea huruma kidogo, maana hawajawahi kusimama mbele ya kitu kinachotumiwa na kijiji kizima wakasema: hiki nimekitengeneza mimi.