Alilegeza Jaribio Langu, Majibu Yangu Yakamfikia Baba

Admin, nifiche kabisa, huku Nyamira tunajuana. Nina miaka ishirini na sita, naandika programu kwa kampuni ndogo hapa mjini. Nina hasira, na asiniambie mtu nisamehe kabla hajasikia.

Tulitengenezea kliniki moja mfumo wa kumtumia mgonjwa majibu yake kwa simu. Majaribio yalikuwa yangu. Kwenye jaribio hatutumi meseji ya kweli. Tunaweka mtumaji bandia, halafu jaribio linamuuliza: umeambiwa umtumie nani? Niliandika lazima iwe namba ya mgonjwa mwenyewe. Likakataa, likawa jekundu, yaani kuna kosa kwenye mfumo. Mwenzangu, nimwite Obed, alikuwa na haraka ya kujionyesha kwa bosi. Badala ya kutafuta kosa, akafuta masharti yangu akaandika "namba yoyote". Kila kitu kikawa kijani, akapigiwa makofi.

Mimi nikaenda kupima kliniki hiyohiyo. Kumbe mfumo ulikuwa unachukua namba ya mtu wa karibu, yule unayemwandika kwenye fomu apigiwe ukizidiwa. Mtu wangu wa karibu ni baba, mzee wa kanisa la Sabato. Alikuwa shambani anachuma majani chai na mama, meseji ikaingia yenye jina langu: una mimba. Akanipigia. "Usikanyage hapa kwangu tena." Mpaka leo mama anaongea na mimi kwa kujificha. Na Obed akamwambia bosi nini? "Si alijaza namba vibaya mwenyewe? Na majaribio si ni yake?" Nikapewa onyo. Nyasae, Mungu wangu! Nililia mpaka sauti ikakauka.

Juzi nikafungua ile kazi nikaona mabadiliko, jina lake liko pale pale. Nimerekebisha kila kitu, imebaki kubofya tu ili meseji zianze kwenda kwa wagonjwa wenyewe. Lakini leo nimeangalia meseji zitakazotoka saa nane mchana, na Obed yumo! Ana kisonono, jamani, na mtu wake wa karibu ni mke wake aliye Magwagwa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Si alichimba shimo? Aingie! Yuko hapa meza ya pili anakula mandazi, ananiita "mama kijacho". Nataka mke wake apige simu nikiwa namtazama usoni.

Shida ni moja. Siwezi kuacha ya Obed peke yake ipotee njia, zote zinatoka pamoja. Chini ya jina lake kuna msichana wa Kebirigo. Majibu yake ni kama yangu, na mtu wake wa karibu ni baba yake.

Saa hii ni saba na nusu. Niambieni haraka, nibofye ama nimwache Obed aingie shimoni?