Kusali Kimya Mbele ya Mlango wa Jirani

Kwetu, mtu anayesali bila kutoa sauti ama ni mgonjwa ama anaficha kitu. Nilikulia upande wa Pweto nikilijua hilo bila kufundishwa. Mtu akisali, jirani asikie. Akilia mbele za Mungu, hata wapita njia wajue kwamba leo kuna shida ndani ya nyumba ile. Mimi mwenyewe nilikuwa na sauti kubwa kuliko wengi, na hata hapa Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, tulipopewa kiwanja na shamba, mume wangu alizoea kunitania kwamba Mungu hahitaji kuinama ili amsikie mke wake.

Kwa hiyo sista aliponiambia ninyamaze, nilikasirika.

Alikuwa Mzambia wa umri wangu, aliyekuja kutoka Nchelenge mara mojamoja kukaa na sisi akina mama baada ya misa. Kiswahili chake alikiokota kwa wafanyabiashara wa soko la samaki la Kashikishi, nusu yake Kibemba. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba siku hizi nawaka kwa mambo madogo, chumvi ikimwagika, mbuzi wa mtu akiingia kwenye maharage yangu, na kwamba kichwani mwangu hamjatulia tangu tulipovuka ziwa kukimbia vita. Nilitegemea aniwekee mikono na kuniombea. Badala yake aliniuliza, kwa adabu ya Kibemba, "Mama mukwai, weye unasema sana kwa Mungu. Yeye anasema saa ngapi?"

Njia aliyotufundisha ni rahisi kuieleza. Unaketi mgongo umenyooka, unafumba macho, unachagua neno moja na kulirudia polepole pamoja na pumzi yako. Mawazo yakija huyapigi vita. Unayaacha yapite, unarudi kwenye neno. Akili ikikimbia sana, alisema, tumia hata midomo, bila sauti. Mimi nilichagua jina la Yesu kwa sababu sikutaka kujisumbua kutafuta jingine.

Kuifanya ndiyo kazi. Siku za kwanza sikukutana na Mungu hata kidogo. Nilikutana na bei ya samaki, na majibu ambayo ningepaswa kumpa wifi yangu miaka ile, na shamba la mihogo tuliloliacha, halafu likaja ziwa lenyewe, mashua imejaa watu nami naangalia nyuma. Nilifumbua macho nalia, nikamchukia sista. Lakini kesho yake niliketi tena, na kesho kutwa, na baada ya majuma kadhaa nikaona kwamba kwa muda mfupi, labda wa kumenya muhogo mmoja, mle ndani mlikuwa mmetulia. Sikuwa nimepata utulivu wa namna hiyo tangu tutoke kwetu. Niliung'ang'ania.

Nilikuwa naketi nje, nyuma ya jiko, asubuhi kabla ya kwenda shambani, kwenye kigoda, nimeelekea jua linakotoka. Sikufikiria kwamba ukiwa kwenye ua wetu, jua linatokea juu ya paa la jirani yangu. Maana yake kila asubuhi nilikuwa nimeuelekea mlango wake, macho nimeyafumba, midomo inachezacheza.

Habari za huyu jirani lazima nizieleze, maana bila yeye haya yote yasingeniuma. Tulikutana Kenani, kwenye kambi ya mapokezi, tulipotoka kwenye mashua, mahema yetu yakiwa ubavu kwa ubavu. Yeye alikuwa na sufuria moja, mimi moja. Kwenye yake tulisonga bukari, ugali wetu, kwenye yangu tukapika mboga, na tukala hivyo hadi tulipohamishiwa Mantapala. Aliniita yaya, dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa hata kijiji kimoja. Alipojifungua kitinda mimba wake, mimi ndiye niliyemshika mgongo na mimi ndiye niliyemwogesha mtoto kwa mara ya kwanza. Mtoto huyo alijifunza kutembea kwa kutoka kwao kuja kwangu.

Mwaka jana, mvua ziliposhika, mtoto akapata homa. Kliniki walimpa dawa za malaria, homa ikashuka, halafu ikarudi kwa nguvu, macho yakamwingia ndani. Nilimpikia uji wa karanga nikampelekea. Jioni kikombe kilirudi kimejaa, uji umeganda juu. Nilijiambia mtoto hana hamu ya kula. Kisha jirani yangu, ambaye kila siku alimtuma binti yake kwangu kuchukua kaa la moto, akaanza kununua kiberiti. Kwenye pampu ya maji nilipofika na ndoo yangu, mazungumzo yalikatika, na mama mmoja akaanza kuongea kwa bidii juu ya mawingu.

Mume wangu ndiye aliyeniambia. Alikuwa ametoka Kashikishi na samaki wake, hata hajanawa mikono.

"Banasema unamufunga mutoto wa jirani."

"Nani anasema?"

"Batu. Banasema kila asubuhi unaangalia mulango yake, unasemasema kintu chenye hakisikilike. Mutu wa Mungu anasali na sauti. Mulozi njo anasema chinichini." Alijaribu kucheka, akaacha. "Sali hata kidogo na sauti, mama. Inakupunguzia nini?"

Hasira niliyodhani imelala iliamka pamoja na ndugu zake wote. Nilitaka kwenda kwenye pampu niwaulize mmoja mmoja. Mume wangu alinishika mkono, na alifanya vizuri, kwa sababu bibi mmoja wa upande mwingine wa makazi haya aliwahi kuitwa kwa neno hilohilo, mchawi, akajitetea kwa ukali, na wakaona ukali wake ni ushahidi. Nyumba yake ilibaki bila paa. Alikokwenda hatujui.

Basi nikahamishia sala yangu ndani. Huo ulikuwa ujinga kuliko wa kwanza, maana sasa walisema nimeanza kujificha. Na humo ndani sikusali chochote. Nililirudia lile jina huku masikio yangu yote yakiwa nje, yanasikiliza kama mtoto anakohoa, kama mtu anapita, kama mlango wa jirani unafunguliwa.

Jumapili mchana nikaitwa. Jirani yangu ni wa kanisa la uamsho, na pasta wake alikuwa amefika na waombezi kumwombea mtoto. Nilikuta nyumba imejaa, wengine wamesimama mlangoni. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, mama yake ameketi kichwani kwake. Nilimtafuta machoni, aliangalia mkeka.

"Mama, shiye hatukushitaki," pasta alisema kwa upole, na nadhani upole wake ulikuwa wa kweli. "Weka mukono juu ya mutoto, usali na sauti, batu bote basikie."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mdomo wa kumjibu, na Mungu anajua majibu yalikuwa tayari. Lakini nilipomwekea mtoto mkono kwenye paji la uso nilikuta linawaka, na nikaogopa atakufa huku mimi nashindana na watu. Nikasali. Sauti yangu ilirudi yote. Nililia, nikamkemea shetani kama wanavyomkemea wao, nikamtaja mtoto kwa jina mara nyingi hadi waombezi wakaanza kuitikia. Nilitaka apone, nilitaka kwa moyo wangu wote. Lakini kila neno lilipita kwanza masikioni mwa wale waliosimama mlangoni, ndipo labda likaenda kwa Mungu. Nilikuwa najitetea huku nimemshika mtoto mgonjwa. Nilitoka pale nimechoka na najionea haya.

Mtoto akapona. Ijumaa iliyotangulia mama yake alikuwa amemrudisha kliniki, na muuguzi akambadilishia dawa na kuanza kumchoma sindano. Mimi nilijua, majirani walijua. Juma lile homa ilishuka isirudi, na mtoto akaomba bukari. Nilifurahi mno. Nilidhani na mimi nimepona, nimesafishwa mbele za watu.

Sikujua wanavyohesabu. Kama mtoto alikaa siku zote zile anaombewa na watu wa Mungu asipone, halafu mimi nikamgusa mara moja tu akapona, basi ni nani aliyekuwa amemshika?

Jirani yangu alikuja mwenyewe, siku ya kwanza kuingia kwenye ua wangu tangu ugonjwa uanze. Alikuwa na kuku jike aliyefungwa miguu. Alipiga magoti mbali kidogo na mimi, akamweka kuku chini kati yetu.

"Yaya, nilikuya kusema aksanti. Ulimuachilia mutoto."

"Nilimuachilia? Nilikuwa nimemushika wapi?"

Alimsogeza kuku karibu zaidi na miguu yangu.

"Na mutoto eko wapi?"

"Alibakia ku nyumba." Kisha kwa sauti ndogo, "Pokea tu, yaya. Usikasirike."

Niliangalia yule kuku nikaelewa nilipowekwa. Nikimpokea, nimekiri. Nikimkataa, basi mtoto bado yuko mkononi mwangu, na huyu mwanamke atakesha usiku huu na usiku mwingine akimpapasa mwanawe kuona kama anachemka. Nilifikiria kumwambia habari ya sindano. Alizijua sindano kuliko mimi; ndiye aliyemshika mtoto akichomwa. Basi nikanyoosha mikono yote miwili, kama inavyopokelewa zawadi, nikamchukua kuku. Jirani yangu akashusha pumzi. Mabega yake yalishuka, uso ukafunguka, na kwa muda kidogo nikamwona yule wa Kenani. Aliondoka bila kugeuka.

Asubuhi yake nilirudi nje, mahali pangu pa zamani, kwa ukaidi. Nikafumba macho nikaanza lile jina. Niliambiwa mawazo yakija niyaache yapite, lakini hili halikupita. Nilikuwa nimemchukia jirani yangu. Nilimchukia kiasi kwamba kama kweli ningekuwa na uwezo ule wanaousema, asubuhi ile ningeutumia, na nilijua ningeanzia kwa nani.

Nilishikwa na hofu ambayo hata ziwani sikuwa nayo. Nikafungua mdomo, nikamwita Mungu kwa sauti yangu yote, aniondolee chuki ile, aniondolee, hadi mume wangu akatoka mbio kuuliza kuna nini. Kwa jirani nilisikia mlango unafunguliwa. Kisha ukafungwa, na kitu kizito kikaburutwa kuuegemea kwa ndani.