Tundu la Msumari

Wiki iliyopita, kwa shangazi pale Masuguru, niliona doa la jua likitembea sakafuni, limepenya kwenye tundu la msumari katika bati la paa. Nilivuta mguu lisiniguse.

Lilifanana na lile la kwa bibi, Sindeni, mchana ule wa utotoni mimi na dada yangu Mwanaidi tulipolala tunaumwa surua. Bibi alikuwa ameziba dirisha kwa kanga, maana mwanga, alisema, ungetuharibu macho. Chumba kilinuka mwarobaini na jasho. Nje kuku walichakura majani makavu ya mahindi.

Doa moja tu lilipita gizani. Mchezo wetu ulikuwa kulikinga kwa kiganja; anayetikisika ameshindwa.

"We huwezi, unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa," Mwanaidi alinicheka kwa sauti iliyokauka. "Tazama mimi."

Akalaza mkono sakafuni, akakinga. Doa likatulia kiganjani mwake, kisha likapanda polepole hadi kwenye kifundo cha mkono, naye hakutikisika hata kidogo.

"Haya dada, umeshinda. Toa mkono basi."

Hakujibu. Nilidhani ananiringia.

Bibi aliingia na uji, akamwinamia Mwanaidi, akaweka bakuli chini. Alimfumba macho, akaivuta ile kanga dirishani na kumfunika nayo. Mwanga ukajaa chumba kizima. Nilifurahi.

"Bibi, tumepona?"

"Mwenzio kapumzika, mjukuu wangu. Nuru ni ya Mungu, kaichukua."

Nililitafuta doa letu sakafuni, sikuliona tena. Siku hizi, nikisali, hujiambia kwamba halikuzimika, lilimezwa na mwanga mkubwa kuliko lenyewe. Siku nyingine nashindwa kuamini. Naona kiganja tu, kimefunguka, hakina kitu.