Cheti Kilichohifadhiwa Vizuri

Barua ya kupata ufadhili wa kusoma nje iliingia kwenye simu yangu nikiwa nimekaa kibarazani, nyumbani kwetu Bujonde. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanisikiliza, akashukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga fijo, Mungu," kisha akarudi kuangalia ubwabwa usiungue. Ndivyo alivyo. Furaha yake huenda kuililia peke yake.

Sharti lilikuwa moja la kunitisha: vyeti vithibitishwe na wakili, kisha vigongwe muhuri na ofisi moja ya serikali Dar es Salaam, vifike ubalozini kabla ya mwisho wa mwezi. Bila hivyo, nafasi anapewa mwingine. Wakili wa Kyela mjini alikishika cheti changu cha kidato cha sita, akakilinganisha na nakala, akagonga muhuri kwenye nakala na kutia saini. "Safari njema, binti," aliniambia. Nilitoka pale nikijiuliza kwa nini watu hulalamikia mambo mepesi hivi.

Hapa lazima nieleze cheti chenyewe kilivyokuwa. Kwetu masika maji huingia ndani bila kupiga hodi. Mwaka mmoja yalifika kwenye sanduku la marehemu baba. Cheti chake cha ubatizo na kile cha ndoa vikalowa, vikashikana, na tulipojaribu kuvitenganisha vikatoka vipande kama mkate ulioloweshwa chai. Mama hakusahau. Cheti changu kilipotoka, alikwenda kukichukua shuleni mwenyewe, na kabla ya kurudi nyumbani akapitia duka la stesheneri mjini, akakipiga laminesheni, kikafunikwa nailoni mbele na nyuma. Alinikabidhi kingali na uvuguvugu wa mashine. "Hata mto wote uingie humu ndani," alisema, "hiki hakilowi." Nilimkumbatia. Akiba haiozi, tulisema, tukacheka.

Dar es Salaam, kwenye ofisi ya muhuri, mama mmoja mwenye miwani alikigusa cheti kwa ncha ya kidole.

"Hiki kimevaa koti la mvua," alisema.

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba muhuri wao unagongwa nyuma ya cheti chenyewe, wala si kwenye nakala, na wino haushiki kwenye nailoni. Nilimwomba agonge hivyo hivyo. Akachukua kadi ya plastiki iliyokuwa mezani, akaigonga muhuri, akapitisha kidole mara moja. Muhuri wote ukabaki kidoleni. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, nipate wa kumkasirikia.

Alinielekeza kwenye ofisi inayotoa vyeti, nikaombe kingine. Huko kijana wa dirishani aliniuliza, "Kimepotea?"

"Hapana. Hiki hapa."

"Kimeungua? Kimeharibika na maji?"

"Hapana."

Akakigeuza mbele na nyuma. "Mbona kizima kabisa, dada. Kipya tunatoa kwa aliyepoteza au kuharibikiwa. Na hata yeye anasubiri miezi."

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka foleni nzima ikageuka. Kumbe mafuriko yangenisaidia kuliko mama yangu. Wazo hilo lilinijia lenyewe, na nililichukia hapo hapo, lakini halikutoka njia nzima ya kurudi Kyela.

Nilishuka basi na kwenda moja kwa moja kwa wakili. Nilikuwa na shauri la kijinga: niape kwamba cheti kimepotea, halafu niwaombe wale wa ofisi ya vyeti wakiharakishe kipya. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho.

"Binti, wiki iliyopita nimetia saini kwamba nimekiona kwa macho yangu. Leo nikuapishe kwamba kimepotea? Wataweka karatasi mbili mezani, kisha watamtafuta mwenye muhuri."

Alisema kweli. Niliondoka bila kumuaga, na sijutii sana, maana siku ile ningemtukana hata padri.

Nilibaki na duka la stesheneri. Mwenye duka ni mzee wa asili ya pwani, mpole, mama humwita shemeji. Nilimuuliza kama nailoni hutoka. Alikipokea cheti kwa mikono miwili.

"Pasi yenye moto kidogo, na kitambaa juu yake. Ukibandua taratibu huenda ikatoka. Huenda, mwanangu. Mashine yangu inabandika tu, haibandui."

Kesho yake mama alikwenda shambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Niliwasha mkaa, nikajaza pasi, nikatandika kanga mezani. Pembe ya kwanza ilitoka safi. Nakumbuka nilisema "asante" kwa sauti, sijui nilikuwa namshukuru nani. Niliendelea. Katikati karatasi ikaanza kupasuka kwa ndani, sehemu ikafuata nailoni na sehemu ikabaki mezani. Jina langu lilikwenda na nailoni. Saini ilibaki na karatasi. Nilikuwa na vyeti viwili, na hakuna hata kimoja.

Sasa kilikuwa kimeharibika, na nilistahili kupewa kingine baada ya miezi. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ile ile. Nilikaa sakafuni nikalia bila kujizuia.

Mama alirudi na matope hadi magotini. Harufu ya nailoni ilimpokea mlangoni. Aliitazama pasi, akatazama meza, akanitazama mimi. Sikuwa nimemwambia lolote la Dar es Salaam. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ofisi zina foleni. Hakukemea, wala hakuuliza kwa nini nimeharibu cheti. Alivuta kigoda akaketi karibu yangu, akasema polepole kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku tuliyomzika baba:

"Gwe mwanangu. Ni mimi?"

Nilimjibu hapana, ni ofisi. Lakini nilikuwa nimenyamaza muda mrefu mno kabla ya kusema, na mama yangu si mjinga.